Njia ya Machela

Mtu wa Genkuru anayepeleka gunia la mahindi mashineni kwa baiskeli haulizi kwanza njia ipi ni fupi. Anauliza njia ipi imekauka, wapi mvua ya juzi imechimba korongo, na kama makundi ya ng'ombe yameshapita asubuhi hiyo. Vilima vya Tarime havitangazwi kwa watalii, lakini kutoka kwenye migomba na kahawa ya nyanda za juu hadi uwanda wa Mto Mara kuna miteremko ya kutosha kumkomaza kijana yeyote. Anajifunzia kwenye Phoenix nzito yenye breki za vyuma, mzigo ukiwa kwenye keria, na pale mpira wa breki unapokwisha anakandamiza tairi kwa soli ya kandambili. Anayejua kushuka hivyo amebakiza machache sana ya kujifunza kuhusu kushuka mlima wowote duniani.

Nimeanza na Genkuru kwa sababu sura hii ni ya Kilimanjaro, na Kilimanjaro una tabia ya kumsahaulisha mtu anayoyajua. Ukisimama chini yake unaona kilele tu. Kijana aliyezoea kukagua njia kabla ya kushuka na gunia moja la mahindi anafika Moshi na swali moja mdomoni: nitafikaje Uhuru na baiskeli? Swali hilo linahusu kupanda. La kushuka ndilo linaloamua kama siku itakuwa njema, na ndilo linalojibiwa kizembe. Watu wanafungua ramani, wanaona mistari saba inayopanda mlima, wanachagua ule uliosifiwa na mpanda mlima wa miguu. Mteremko mzuri kwa miguu na mteremko mzuri kwa magurudumu ni vitu viwili tofauti, na mfano wa wazi kuliko yote ni Mweka.

Mweka ndiyo njia ya kushukia ya Kilimanjaro. Anayepanda kwa Machame, Lemosho au Umbwe huteremkia huko, na hakuna anayeruhusiwa kuipandia. Kwa miguu ina sifa zote: imenyooka, ni fupi, inakutoa kwenye hewa nyembamba haraka. Mwaka 2006, mkimbiaji wetu Simon Mtuy alipopanda na kushuka Kilimanjaro mbio, akibeba chakula na maji yake mwenyewe, alipandia Umbwe akashukia Mweka, na safari nzima haikumaliza saa kumi. Kwa mtu mwenye magoti kama yake hakuna chaguo bora zaidi.

Sasa iangalie njia hiyohiyo kwa jicho la fundi baiskeli. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, hadi kambi ya Mweka, mita 3,100, unashuka zaidi ya mita 1,500 kwa mwendo wa karibu kilomita 7. Yaani kila mita kumi za mbele unapoteza zaidi ya mita mbili. Juu ni mawe yaliyolala ovyo, mengine yanacheza ukiyakanyaga. Chini ya hapo njia inakuwa mfereji, kwa maana maji ya mvua na miguu ya watu vimepita palepale kwa miaka mingi. Msituni zimewekwa ngazi za magogo kuzuia udongo usiondoke, na magogo hayo yakilowa yanateleza kama sabuni. Kila siku ya msimu mamia ya watu wako humo, wamechoka, magoti yanawauma, wanatazama vidole vya miguu yao. Baiskeli haina nafasi hapo. Hata kama sheria ingeruhusu, nisingemshauri mtu yeyote.

Umbwe ni ukuta, tuuache. Machame na Lemosho ni njia za kupandia, na wanaozitumia wanatembea wamepangana wakielekea juu. Rongai, upande wa kaskazini unaotazama Kenya, ndiyo inayotamanisha kwenye ramani, kwa kuwa upande ule hupata mvua kidogo kuliko kusini na mteremko wake ni wa taratibu. Lakini iko mbali na kila kitu. Chombo kikiharibika, au mtu akivunjika mfupa wa bega, msaada utatoka upande wa pili wa mlima. Kwa hiyo kwenye meza wanabaki wagombea watatu: Marangu, uwanda wa Shira, na njia ambayo wapanda mlima wengi hawajawahi kuisikia, Kilema.

Kabla ya kuwapima, ni lazima nieleze kuhusu gurudumu ambalo limeshuka Kilimanjaro mara nyingi kuliko baiskeli zote zikijumlishwa. Ni la machela. Waokoaji wa mlima huu wanatumia machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, limewekwa chini ya mgonjwa na shokapu zake, na watu wanne hadi sita wanaishika mbele, nyuma na ubavuni. Mgonjwa amefungwa mikanda kifuani na miguuni, amefunikwa mablanketi hadi puani. Wanaume wale wanashuka mbio. Mtu aliyevimba ubongo au kujaa maji kwenye mapafu kwa sababu ya kimo hana dawa iliyo bora kuliko kushushwa, na kila mita mia anazopoteza ni pumzi anayopata. Wakifika kituo cha Horombo kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, inawezekana gari la uokoaji likawa linawangoja, na gari hilo linateremka kwa barabara ya Kilema.

Fikiri maana yake. Kwa miaka mingi watu ambao kazi yao ni kuteremsha gurudumu mlimani, usiku na mchana, wakiwa na roho ya mtu mkononi, wameshapima kila upande. Wanajua wapi gurudumu linapita na wapi linabebwa. Walichagua upande wa kusini-mashariki: kutoka kituo cha Kibo kuja Horombo kwa njia ya tandiko, ukanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, kisha Kilema kwenda chini. Baiskeli zilipokuja kuruhusiwa na mamlaka ya hifadhi, KINAPA, njia iliyotengwa kwa ajili yake ikawa hiyohiyo ya Kilema. Sioni kama hii ni bahati. Mteremko bora kwa baiskeli ni ule ambao wewe mwenyewe ungeweza kuteremshwa nao ukiwa umelala.

Kipimo hicho ndicho ninachomwomba msomaji akichukue, akitumie Kilimanjaro, Meru, Usambara au kwenye vilima vya kwao. Kabla ya kusema njia fulani ni nzuri, tembea juu yake kichwani ukiwa na mgonjwa. Wapi gari linaweza kufika? Ni umbali gani kati ya sehemu moja inayofikika na nyingine? Nani yuko pale mwenye redio? Ukishajibu, njia nyingi zenye picha nzuri zinajiondoa zenyewe.

Kwa kipimo hicho Shira inafanya vizuri. Uwanda wake, kwenye mita zaidi ya 3,500, ni mabaki ya mlima wa kwanza kati ya mitatu inayounda Kilimanjaro, wa zamani kuliko Mawenzi na Kibo, ambao ulididimia ukaacha sehemu tambarare pana. Kuna njia ya gari kutoka geti la Londorosi inayopanda hadi pembeni mwa uwanda. Kwa anayeanza, kuzunguka Shira kwa baiskeli ni mafunzo mazuri: kimo kinakupima, lakini mteremko haukuadhibu. Upungufu wake ni kwamba sehemu ndefu ni ya kukanyaga pedali tu, na mtu aliyetoka mbali kutafuta mteremko atarudi na kiu.

Marangu ina mteremko, ina vituo vya kulala vyenye paa, ina watu. Ina watu kupita kiasi. Ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo watu hupanda na kushukia hapohapo, kwa hiyo mchana wowote wa Agosti kuna mistari miwili inayopishana kutoka getini hadi Kibo, na katikati yao wako wagumu.

Hapa inanibidi nisimame kidogo. Wagumu ndilo jina ambalo wapagazi wa Kilimanjaro wanajiita, nao wamelistahili. Sheria inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni, na juu ya hapo kuna begi la mpagazi mwenyewe. Mzigo mara nyingi uko kichwani au umelazwa kwenye shingo. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kugeuza kichwa haraka, hawezi kuruka pembeni, na akiyumba mzigo unamvuta. Mwendesha baiskeli anayetokea kwenye kona kwa kasi mbele ya mtu huyo anamlazimisha kuchagua kati ya kugongwa na kuanguka. Njia yoyote inayomweka mgumu kwenye hali hiyo si njia nzuri, hata iwe na kona tamu namna gani, na hata kibali chako kiwe na mihuri mitatu. Kengele haitoshi. Anayepanda na mzigo ana haki ya njia yote, na wewe unashuka kwenye baiskeli, unasimama upande wa bondeni, unamwambia "pole na kazi", unangoja apite. Kwa bahati nzuri wagumu wengi wanapenda baiskeli na watakusimamisha kuuliza gia zako ni ngapi.

Kilema inalitatua tatizo hili kwa sehemu kubwa. Kutoka Horombo kushuka, msafara wa wapanda mlima uko Marangu, na wewe uko kwenye barabara ya magari ya huduma na uokoaji. Ni ya udongo na mawe, imepinda panapotakiwa kupinda kwa sababu injini ya gari haiwezi kupanda ukuta, na kwa sababu hiyo mteremko wake una kiasi. Aliyeichora hakuwa na baiskeli akilini, lakini alichokiogopa yeye ndicho unachokiogopa wewe: mahali ambapo tairi linakosa mshiko. Unatoka kwenye nyasi na vichaka vya maeneo ya wazi, ambako senesio kubwa za Horombo zinabaki mgongoni mwako, unaingia kwenye vichaka virefu, kisha msitu, ambako ukungu unashuka mchana na udongo unabadilika rangi. Mbega wako juu ya miti. Hapo ndipo kasi inapotaka kukukimbia, maana baada ya ukame wa juu udongo wa msituni unaonekana laini na salama. Una utelezi, na mifereji ya maji inakata barabara kwa mshazari.

Sehemu ya Kibo hadi Horombo haina njia ya kukwepa watu. Ni takriban kilomita 10, na unashuka mita 1,000: mita moja kwa kila kumi, mteremko ambao mtu wa kawaida anaumudu. Ukanda wa tandiko kati ya Kibo na Mawenzi ni jangwa la juu, changarawe na mchanga wa volkeno ulioshindiliwa na nyayo, na unaona mbele kwa kilomita nzima. Kuna njia mbili, ya chini na ile ya juu inayopitia Zebra Rocks na kuelekea Mawenzi. Chukua ya chini. Ya juu ni ya mawe makubwa na imejaa wanaopanda kuzoea kimo, wengi wao wakiwa wanaumwa kichwa.

Saa ndiyo inayofanya kazi ambayo njia haiwezi. Wapanda mlima huondoka Horombo kwenda Kibo baada ya kifungua kinywa, mnamo saa mbili. Waliotoka kileleni hushuka kutoka Kibo kuanzia saa tano na kuendelea. Ukianza kushuka saa moja asubuhi, mara jua linapokuwa limechomoza juu ya Mawenzi, tandiko lote ni lako, na ardhi bado imekazwa na baridi ya usiku. Ukichelewa hadi saa tatu utakutana na kila mtu. Tatizo la saa moja ni vidole. Kwenye mita 4,700 alfajiri ni baridi ya kugandisha, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kimebana breki kwa nguvu gani. Glovu nzito, dakika kumi za kukunja na kukunjua ngumi kabla ya kuondoka, na kilomita ya kwanza taratibu. Uamuzi wako pia umepungua: kimo hicho kinamfanya mtu ajisikie hodari dakika kumi kabla ya kugundua kwamba hawezi kutamka jina la mama yake vizuri. Nikimwona mwenzangu anacheka peke yake asubuhi ya Kibo, ninamwambia atembee.

Juu ya Kibo je? Watu wameshafanya. Mwishoni mwa 1984, binamu wawili wa Kiingereza, Nick na Richard Crane, walipeleka baiskeli Uhuru, kwenye mita 5,895, kwa harambee ya kuchangia miradi ya maji, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu. Mwaka 2017, Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner walianza na Mlima Kenya, wakafika Lenana, mita 4,985, kisha wakaja Kilimanjaro wakiwa wameshazoea kimo, na kamera zikiwafuata. Hao ni watu ambao kuendesha baiskeli juu ya mawe ndiyo kazi yao ya maisha. Kati ya Gilman's Point, kwenye mita 5,685, na Kibo, ardhi ni kokoto legevu. Usiku zimeganda, ndiyo maana watu hupanda kuanzia saa sita ya usiku. Jua likizipata zinaachia, na mtu wa miguu anateremka kwa visigino huku nusu ya mlima ikienda naye. Gurudumu la mbele linazama, la nyuma linakupita. Mtu anaweza kushuka pale, lakini huko ni kuporomoka kwa mpangilio, na kila anayefanya hivyo anawamwagia mawe walio chini yake. Msimamo wangu ni huu: panda Uhuru kwa miguu kama moyo unataka, baiskeli ikungoje Kibo.

Nimefika kwenye breki, ambako ningependa msomaji atulie nami.

Mtu, baiskeli na mkoba wake, tuseme kilo 95. Wakishuka mita 1,000 kutoka Kibo hadi Horombo, nguvu waliyokuwa nayo kwa kuwa juu lazima iende mahali. Ukiipiga hesabu, inatosha kuchemsha karibu lita mbili na robo tatu za maji yaliyotoka mtungini. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Iliyobaki yote, isipokuwa ile ya mwendo wako, inapita kwenye vipande vidogo viwili vya breki. Kutoka Horombo hadi getini ni karibu mara mbili ya hapo. Na kuna jambo ambalo fundi wa bondeni hawezi kulijua: hewa ya Kibo ina uzito wa karibu theluthi mbili tu ya hewa ya Tanga. Haikuzuii sana, kwa hiyo unaongeza kasi upesi, na haipoozi breki vizuri. Unapata joto zaidi na upepo pungufu kwa wakati mmoja.

Watu waliozua baiskeli ya milimani waliligundua hili kwa mafuta ya grisi. Karibu na mji wa Fairfax, California, kwenye safu ya milima inayotawaliwa na Tamalpais, kundi la vijana lilianza kushindana mwaka 1976 kushuka barabara ya udongo ya magari ya zimamoto. Walikuwa na baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, chuma kitupu, matairi manene, ambazo mtu wa Tarime angezitambua mara moja kuwa ni ndugu za Phoenix. Breki ilikuwa ya ndani ya habu, unakanyaga pedali kinyumenyume. Urefu wa njia ile haukuzidi kilomita 3.5, na ilishuka takriban mita 400. Wakifika chini, habu ilikuwa inatoa moshi; grisi yote imeungua, na ilibidi kuifungua na kuijaza upya kabla ya kupanda tena. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya waliiita njia yao Repack. Kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walitoka kwenye kundi lile, na viwanda vilivyofuata vilizaliwa na kero ya breki za moto. Ona pia walichochagua: barabara ya gari la zimamoto. Gari la uokoaji ndilo lililowatengenezea mteremko, kama Kilema.

Ukijumlisha kushuka kote kutoka Kibo hadi geti, ni Repack saba zikifuatana bila fundi katikati. Kwa hiyo njia bora lazima iwe na mahali pa kusimama. Tandiko linayo, Horombo inayo, Kilema inayo kwenye kila kona pana. Breki za diski ni lazima. Za mpira unaobana rimu zinapasha rimu moto hadi tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, acha zipoe, bana tena. Anayebana kidogokidogo mteremko mzima anadhani anajilinda, kumbe anapika. Na usifunge gurudumu la nyuma likaburuzika. Linachimba mfereji ambao mvua ya masika itaukuta na kuufanya korongo, na mlima huu una majeraha ya kutosha. Moto wa Oktoba 2020, ulioanzia Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, uliunguza vichaka vya maeneo ya wazi kwa siku nyingi, na udongo uliopoteza mizizi hauna wa kuushika.

Upepo wa tairi upimwe juu, si Moshi. Tairi lililojazwa mjini linakuwa gumu zaidi unapopanda, kwa kuwa hewa ya nje inayolibana imepungua. Baridi inarudisha kidogo. Tairi gumu kwenye changarawe ya tandiko linaruka badala ya kushika. Toa upepo Kibo mpaka dole gumba lizame kidogo, kisha simama Horombo uongeze, maana chini yake kuna mawe yenye ncha ya kubana tyubu.

Msimu sitauzungumzia sana. Januari na Februari ni pakavu, na kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba pia. Machi hadi Mei usiende. Vuli ya Novemba unaweza kubahatisha, lakini msitu wa Kilema ukilowa ni kilomita nyingi za kusukuma baiskeli kwa mkono, na gari la uokoaji nalo linapata shida palepale.

Lililo muhimu kuliko msimu ni hili: panda kwa njia utakayoshukia. Wageni wengi wanataka kupanda upande mmoja na kushuka mwingine ili waone zaidi. Kwa baiskeli huo ni upotevu. Siku mbili au tatu za kusukuma na kukanyaga kuelekea Horombo ndiyo siku zako za kusoma. Geuka nyuma kila baada ya kona, uitazame kama utakavyoikuta. Jiwe unalolipita bila kuliona ukipanda, ukishuka ni ngazi. Mwulize mwongozaji wako maji yalipita wapi mwaka huu. Mwongozaji aliyeshika machela usiku ana ramani ambayo haijachapwa popote, na anaitoa kwa furaha kwa mtu anayeuliza kwa adabu. Vibali navyo vinatoka makao makuu ya hifadhi pale Marangu, kwa hiyo safari ya Kilema inaanza kwenye dirisha la ofisi. Thibitisha kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu masharti ya baiskeli hubadilika.

Watanzania tunalipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, na bado kwenye njia hii wageni ndio wengi. Ninasikitishwa na jambo hilo. Anayeshusha gunia kutoka milimani kwa breki za vyuma ana mikono ambayo mgeni anailipia mafunzo. Kinachokosekana ni baiskeli yenyewe, diski na shokapu, ambazo bei yake ni ng'ombe kadhaa. Klabu za baiskeli za Moshi na Arusha zikiwa na baiskeli chache za kuazimisha, na hifadhi ikitenga siku zake katika miezi ya wageni wachache, tutapata waongozaji wa baiskeli kutoka Mara, Mbulu, Makete, kutoka kila mahali ambapo mtoto amekua akishuka na mzigo. Kenya kuna mbio za baiskeli za kila mwaka kwenye mabega ya Mlima Kenya, zinazochangisha fedha za kuuhifadhi mlima huo. Kilimanjaro una haki ya kuwa na zake.

Getini usifikiri umemaliza. Kutoka pale hadi barabara ya lami kuna vijiji vya Kilema, migomba na kahawa pande zote, mifereji ya Wachaga ya kumwagilia ikikatiza, misheni ya tangu mwaka 1890, watoto wanaotoka shule, bodaboda zinazopanda bila honi, bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe unaojaza njia nzima. Kisha lami inakuja, inashuka kuelekea Himo, na lami haina jiwe la kukukumbusha kasi yako. Mikono imechoka, hewa imerudi nzito na tamu, na breki zimebakiza nusu ya unene zilioanza nao asubuhi. Simama getini. Pindua baiskeli, zungusha magurudumu, tazama vipande vya breki kwa tochi ya simu. Kama vimefika milimita moja, vibadilishe hapohapo kabla hujapanda tena.